Uzamili wa Kemia Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya nimeyakusanya kutokana na maswali ambayo wanafunzi wa mwaka wa tatu, walimu wa sekondari na mafundi wa maabara wamekuwa wakiniuliza tangu nilipomaliza uzamili wangu wa kemia. Mengi yanahusu vyuo vya Tanzania. Kenya, Ujerumani na Marekani zimo mwishoni. Kila chuo kina kanuni zake za uzamili, na hizo ndizo zitakazokuhukumu, kwa hiyo zisome kabla hujalipa hata ada ya maombi.

Utaona narudi mara nyingi kwenye msimamizi, mashine na kemikali. Wengi ninaowafahamu waliochelewa kumaliza walikwamishwa na mojawapo ya hayo matatu, na yote yangeweza kuulizwa mapema.

## Kujiunga

1. Nahitaji sifa gani?

Shahada ya kwanza ya kemia, au yenye kemia kama somo kuu, kutoka chuo kinachotambuliwa, na ufaulu usiopungua daraja la pili. Kwa GPA ya 5.0 inayotumika vyuo vyetu, daraja la pili la chini huanzia 2.7, la juu 3.5, na daraja la kwanza 4.4.

GPA inakufikisha mlangoni tu. Idara itafungua matokeo yako na kutazama masomo ya kemia yenyewe: ogania, isiyo ogania, ya kifizikia na ya uchanganuzi. Mwenye 3.3 aliyepata B+ kwenye kemia zake ana hoja nzuri kuliko mwenye 3.6 aliyepandishwa na masomo ya maendeleo na stadi za mawasiliano huku kemia ya kifizikia ikiwa na C.

2. GPA yangu ni 2.5. Ndiyo basi?

Hapana, ila njia inakuwa ndefu. Vyuo kadhaa humpokea mwenye pass (ufaulu ulio chini ya daraja la pili) akiwa na stashahada ya uzamili katika fani hiyo, au miaka ya kazi inayohusiana na kemia pamoja na ushahidi wa utafiti. Kama uko kwenye maabara ya maji, kiwanda cha saruji au maabara ya udongo, andika ulichofanya kwa undani: vipimo gani, kwa mashine gani, kwa miaka mingapi. Barua inayosema tu "ni mchapakazi" haimsaidii mtu.

3. Nilisoma ualimu wa sayansi, kemia na baiolojia. Nitakubaliwa?

Mara nyingi ndiyo. Walimu wa kemia ni kundi kubwa kwenye madarasa haya, na wapo waliomaliza wakiwa bora kuliko sisi tuliosoma kemia pekee. Tatizo lao huwa moja: masomo ya ufundishaji yalikula nafasi, wakakosa kozi za juu za spektroskopia (kusoma muundo wa molekuli kwa jinsi zinavyoitikia mwanga na mawimbi mengine) au kemia ya kwanta. Idara inaweza kukuagiza usome kozi moja au mbili za shahada ya kwanza katika muhula wa kwanza. Usilichukulie kama tusi. Bila spektroskopia utakuwa unamtegemea mtu mwingine akusomee matokeo yako mwenyewe.

4. Shahada yangu ni famasia, uhandisi wa kemikali au sayansi ya maabara za afya.

Hapa idara huamua mtu kwa mtu. Hesabu mwenyewe kozi za kemia ulizosoma na uziandike kwenye barua ya maombi. Mfamasia huwa na kemia ogania ya kutosha. Mhandisi ana nguvu kwenye termodinamiki na kinetiki lakini ana pengo la ogania. Wa maabara za afya ndiye hupata ugumu zaidi, na pengine uzamili wa biokemia au wa usalama wa chakula ungemfaa kuliko huu.

5. Nilisoma shahada ya kwanza nje ya nchi.

Peleka cheti TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kitambuliwe kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Kama na sekondari ulisomea nje, vyeti hivyo vinapitia NECTA (Baraza la Mitihani). Yote mawili yanachukua muda, na chuo hakitakusubiri.

6. Naomba kupitia TCU au chuoni?

Unaomba moja kwa moja chuoni, kwenye mfumo wa maombi wa kurugenzi au shule ya uzamili ya chuo husika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vyote vina uzamili wa kemia. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011 na haina shahada ya kwanza kabisa, ina programu za sayansi ya vifaa, maji na mazingira ambazo kwa sehemu kubwa ni kemia yenye jina lingine. Usiipite kwa sababu neno "kemia" halipo kwenye tangazo.

Andaa cheti na matokeo kamili, vyeti vya sekondari, cheti cha kuzaliwa, wasifu na wadhamini wawili wa kitaaluma. Kwa wanaosoma kwa utafiti pekee (tazama swali la 8), wazo la utafiti la kurasa chache huombwa tangu mwanzo.

## Masomo yenyewe

7. Ni muda gani hasa?

Kwenye karatasi, miezi 18 hadi 24. Mfumo wa TCU unaweka uzamili ngazi ya 9 na kudai angalau krediti 180, kila krediti ikihesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 1,800 za darasa, maabara, kusoma na kuandika.

Kiuhalisia wengi huchukua miaka miwili na nusu hadi mitatu. Mwaka wa kozi huisha kwa wakati kwa sababu una ratiba na mitihani. Mwaka wa utafiti hauna kengele. Hakuna anayekuuliza Jumatatu asubuhi uko wapi, na ndipo miezi inapopotea.

8. Tofauti ya "kozi na tasnifu" na "tasnifu pekee" ni nini?

Ya kwanza ina mwaka wa masomo darasani, kisha utafiti. Ya pili ni utafiti kuanzia siku ya kwanza, na tasnifu yake inatarajiwa kuwa nzito zaidi.

Kama umetoka moja kwa moja shahada ya kwanza, nenda na kozi. Tasnifu pekee inamfaa mtu aliyeko tayari ndani ya maabara, ana msimamizi aliyekubali, ana mashine, na anajua swali lake. Wapo wanaoichagua kwa kukimbia mitihani, na nimewaona wakitumia mwaka mzima kujifunza peke yao yale ambayo darasa lingewafundisha kwa muhula mmoja.

9. Tunasoma nini darasani?

Majina hutofautiana, lakini utakutana na spektroskopia ya kutambua miundo ya molekuli, kemia ogania ya juu, kemia ya metali na koodineti, termodinamiki na kinetiki, mbinu za uchanganuzi kwa mashine, na mbinu za utafiti pamoja na takwimu. Baadaye unachagua mwelekeo: viasilia vya mimea (kemikali ambazo mmea hujitengenezea), mazingira, polima, kemia ya kompyuta na kadhalika.

Somo la takwimu hudharauliwa kuliko yote. Ndilo mtahini atakalokuulizia (swali la 23).

10. Alama ya kufaulu ni ngapi, na nikifeli?

Ni ya juu kuliko ulivyozoea. Shahada ya kwanza uliweza kupita na C. Kwenye uzamili vyuo kadhaa vinadai B ili kozi ihesabike. Ukikosa, kuna sapu (mtihani wa marudio), na matokeo ya sapu huwekewa kikomo. Ukishindwa tena unaweza kurudia kozi au kudisko (kuondolewa masomoni), kulingana na kanuni. Mtindo wa kusubiri madesa wiki mbili kabla ya mtihani haufanyi kazi huku: maswali mengi ni kupewa spektra (grafu ya spektroskopia) usiyowahi kuiona na kuambiwa utaje molekuli.

11. Naweza kusoma huku nafanya kazi?

Mwaka wa kozi, kwa shida, kama mwajiri anakuachia siku kadhaa za wiki. Utafiti wa maabara ni mgumu zaidi kuugawa. Safu ya kromatografia (mrija wa kutenganishia kemikali zilizochanganyika) ukiianza saa tatu asubuhi huwezi kuiacha saa nne ukafundishe kidato cha pili. Waajiriwa waliofaulu ninaowajua waliomba likizo ya masomo, hata ya miezi sita, wakaiweka yote kwenye kipindi cha maabara. Mtumishi wa umma apate ruhusa ya maandishi kabla ya kuripoti chuoni.

## Msimamizi, mada na vibali

12. Msimamizi napangiwa au namtafuta?

Rasmi, idara inateua. Kiuhalisia, anayetafuta mapema ndiye anayepata anayemtaka. Soma makala za walimu wa idara za miaka mitano iliyopita, chagua wawili, waandikie kwa adabu na kwa ufupi: wewe ni nani, umesoma kazi gani yao, ungependa kufanya nini.

Kabla hujakubaliana naye, zungumza na wanafunzi wake wa sasa. Waulize mambo matatu. Anarudisha sura iliyoandikwa baada ya muda gani? Ana mradi wenye fedha? Wanafunzi wake wa mwisho walimaliza baada ya miaka mingapi? Profesa mwenye jina kubwa anayekaa na sura yako miezi minne atakugharimu kuliko mhadhiri kijana anayeirudisha baada ya wiki mbili ikiwa imejaa wino mwekundu.

13. Mada nzuri ya kemia inafananaje?

Inajibika kwa mashine zilizopo, kwa miezi kumi hadi kumi na miwili, na mtu mmoja. Nitoe mfano. Maji ya maeneo mengi ya Arusha na Meru yana floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha WHO, na meno ya watoto yanaonyesha. "Tatizo la floridi Arusha" si mada ya uzamili, ni kazi ya taasisi nzima. Lakini "mkaa wa mifupa uliochomwa kwa nyuzi joto tofauti unanasa floridi kiasi gani, na pH inabadilishaje unasaji huo" ni mada. Ina kitu cha kutengeneza, kitu cha kupima, na jibu la namba.

Nchi yetu ina maswali mengi ya namna hiyo: mafuta ya maganda ya korosho, ambayo wakemia wa Dar es Salaam wameyafanyia kazi kwa miaka mingi kama malighafi ya resini na vitu vingine, karajini ya mwani wa Zanzibar, zebaki inayoachwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu kanda ya Ziwa, sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Chagua linalokugusa. Utaishi nalo.

14. Pendekezo la utafiti linakataliwa kwa nini?

Kwa ninavyoona, kwanza, malengo mahususi hayapimiki. Pili, mbinu zimenakiliwa kutoka makala ya nje bila kuangalia kama mashine hiyo ipo. Tatu, idadi ya sampuli haina maelezo: kwa nini visima 12, kwa nini si vitano? Nne, bajeti haina kemikali ndani yake. Liandike upya kila mara kwa kujiuliza: mtu mwingine akipewa karatasi hii, anaweza kuanza kazi kesho?

15. Nahitaji vibali gani?

Inategemea unachogusa. Mwanafunzi wa chuo cha Tanzania hupewa barua ya utafiti na chuo chake, ambayo hupelekwa mkoani, wilayani na kwa mtendaji wa kijiji. Mgeni anayekuja kutafiti nchini hupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Damu, mkojo, maziwa ya mama, nywele za binadamu: hapo unahitaji ithibati ya maadili, na utafiti wa afya unaangukia chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Kukusanya mimea ndani ya hifadhi kunadai ruhusa ya wenye hifadhi, na kila mmea uache sampuli yake kwenye hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa) ukiwa na namba. Bila namba hiyo, jarida zuri litarudisha makala yako.

Sampuli zikivuka mpaka kuna karatasi zaidi. Zimeelezwa kwenye swali la 17.

## Maabara

16. Kemikali nanunua mwenyewe?

Mara nyingi sana, ndiyo, kama msimamizi hana mradi. Hili wengi hawaambiwi siku ya usajili, na linaumiza. Chuo kitatoa jengo, maji, umeme na mashine za msingi. Viyeyushi, standadi (dutu safi za kulinganishia vipimo) na vyombo vya kioo vya ziada vinaweza kuwa juu yako. Dai orodha ya kemikali na bei zake kwa wauzaji wawili kabla pendekezo lako halijapita.

Muda nao ni gharama. Standadi ya usafi wa juu haikai dukani Kariakoo. Inaagizwa nje, na uingizaji wa kemikali nchini unahitaji kibali cha Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Baadhi ya vitu tunavyovichukulia vya kawaida, kama pamanganeti ya potasiamu, asetoni na asidi ya salfuriki, viko kwenye orodha ya kimataifa ya kemikali bashirifu kwa sababu hutumika pia kutengenezea dawa za kulevya, na ununuzi wake unafuatiliwa. Mimi nilisubiri standadi moja kwa miezi mitatu. Niliiagiza baada ya kumaliza kukusanya sampuli. Ningeiagiza siku pendekezo lilipopita, ningeikuta inanisubiri.

17. Mashine ninayohitaji haipo, au ipo lakini imeharibika.

Nenda ukaione kwa macho kabla ya kuiandika. Usiulize "mna AAS?" (mashine ya kupima metali kwa mwanga zinaoufyonza). Uliza: inafanya kazi leo? Taa ya metali yangu ipo? Kwenye AAS ya kawaida kila metali ina taa yake, na mashine nzima isiyo na taa ya kadimi haikusaidii kupima kadimi. Kwa GC-MS, inayotenganisha kemikali zikiwa gesi, uliza kama heliamu ipo. Kwa HPLC, inayozitenganisha zikiwa kwenye kimiminika, uliza safu ipi imefungwa na ina umri gani. Uliza pia umeme ukikatika katikati ya kazi inakuwaje.

Ikikosekana kabisa, kuna njia tatu. Maabara za serikali na taasisi nyingine za utafiti hupima kwa malipo kwa kila sampuli. Hiyo iingie kwenye bajeti. Ya pili ni kubadili mbinu: vipimo kama vya fosfati au chuma kingi vinaweza kufanywa kwa spektrofotometa ya UV-Vis iliyorekebishwa vizuri, na mtahini hatalalamika ukionyesha uhakiki wake.

Ya tatu ni kupeleka nje, na kwa NMR, mashine inayoonyesha atomi zimepangwaje kwenye molekuli, hii ni ya kawaida sana kwetu. Wanaochambua viasilia vya mimea wamekuwa wakishirikiana na maabara za Ujerumani, Sweden na kwingineko kwa miaka mingi, wengine kupitia mtandao wa NAPRECA ulioanzishwa mwaka 1984 kwa ajili ya watafiti wa viasilia wa Afrika Mashariki na Kati. Uwe na mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa na chuo, vibali vya mimea, na makubaliano ya maandishi kuhusu nani atakuwa mwandishi wa makala. Tuma kilicho safi. Kutuma mkamuo ambao kromatografia ya tabaka jembamba bado inaonyesha madoa manne ni kupoteza nauli na heshima.

18. Matokeo yangu ni hasi. Mmea haukuua bakteria hata mmoja. Nimefeli?

Hujafeli. Uzamili unapima kama unaweza kuuliza swali na kulijibu kwa njia inayoaminika. Kama ulikuwa na kidhibiti chanya (dawa inayojulikana kuua) kilichofanya kazi, kidhibiti hasi (kiyeyushi kitupu) kilichokaa kimya, na marudio matatu yanayokubaliana, basi "haukuua" ni jibu la kisayansi.

Kinachoweza kukuangusha ni kupamba. Kufuta nukta moja kwenye grafu kwa kuwa inaharibu mstari, kunakili namba kutoka daftari la mwenzako: hayo yakigundulika, shahada inaweza kufutwa hata miaka mingi baadaye. Andika kila kitu kwenye daftari la maabara kwa kalamu ya wino, na tarehe, siku hiyohiyo. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili kilichokosewa kisomeke.

19. Nina ujauzito na niko katikati ya utafiti.

Mwambie msimamizi mapema, hata kama hutaki wengine wajue. Risasi, zebaki, tolueni, kloroformu na viyeyushi vingine kadhaa si vya kuvuta hewa yake katika kipindi hicho, na kofia ya kutolea moshi ambayo haijakaguliwa haikulindi. Kazi inaweza kupangwa upya: kuchambua data, kuandika sura za mwanzo, mtu mwingine kukukamulia sampuli kwa maelekezo yako huku jambo hilo likitajwa kwenye shukrani. Kanuni za vyuo pia zinaruhusu kuahirisha masomo kwa sababu za kiafya, na kwa kawaida muda huo hauhesabiwi kwenye kikomo chako. Omba kwa maandishi kabla ya kuondoka. Anayeondoka kimya huhesabika ameacha.

## Tasnifu na utetezi

20. Naweza kuandika tasnifu ya kemia kwa Kiswahili?

Kwa sasa tasnifu za kemia kwenye vyuo hivi huandikwa kwa Kiingereza. Lakini hakuna anayekuzuia kufikiri kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa namweleza dada yangu, ambaye ni mshonaji, kila sura kabla ya kuiandika. Pale aliponiuliza "kwa hiyo ulipima nini?" na nikababaika, ndipo sura ilipokuwa mbovu.

21. Kiwango cha kufanana kwa maandishi kinachoruhusiwa ni kipi?

Kila chuo kina asilimia yake. Iulize shule ya uzamili. Kwa wakemia, sehemu inayowaka nyekundu ni mbinu, kwa kuwa wote tunaandika "gramu 5 zililowekwa kwenye methanoli kwa saa 72". Eleza ulichofanya wewe hasa, na utoe rejea ya mbinu asilia. Kubadilisha maneno mawili matatu ili mfumo usikunase ni wizi uleule.

22. Lazima nichapishe makala?

Inategemea chuo, mahali pengine inatosha kuonyesha kuwa andiko limewasilishwa kwenye jarida (kwa Kenya tazama swali la 25). Hata usipolazimishwa, chapisha. Tanzania Journal of Science la Dar es Salaam na Bulletin of the Chemical Society of Ethiopia ni majarida ya kwetu yanayosomwa na wahakiki wa kweli. Jihadhari na barua pepe inayokuita "profesa mashuhuri" na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa dola kadhaa. Makala ya namna hiyo itakuandama kwenye maombi yako ya uzamivu.

23. Mtahini wa nje anauliza nini siku ya utetezi?

Tasnifu husomwa kwanza na watahini, wa ndani na wa nje ya chuo, kila mmoja akiandika ripoti. Kisha unakaa mbele ya jopo, kwa kawaida saa moja hadi mbili. Maswali niliyoyasikia mara nyingi zaidi:

Umejuaje kuwa kilele hiki kwenye grafu ni cha dutu hii na si cha nyingine? Kikomo chako cha chini cha ugunduzi ni kipi, na ulikipataje? Ukiongeza kiasi kinachojulikana kwenye sampuli, ulirudishiwa asilimia ngapi? Kwa nini ulitumia kipimo hiki cha takwimu? Nionyeshe protoni hii kwenye spektra yako ya NMR, inakaa wapi kwenye molekuli? Ungeanza upya leo, ungebadilisha nini?

Swali la mwisho linawatisha watu bure. Jibu kwa ukweli. Jopo linajua tayari udhaifu wa kazi yako; linataka kujua kama na wewe unaujua.

Wengi hupita kwa masharti ya marekebisho, madogo au makubwa. Tengeneza jedwali: hoja ya mtahini, ulichobadilisha, ukurasa. Yafanye ndani ya wiki ya kwanza, ungali unakumbuka sauti ya aliyekuuliza.

## Fedha

24. Nani atanilipia?

Mikopo ya HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) imejengwa hasa kwa ajili ya shahada ya kwanza, kwa hiyo usipange maisha ya uzamili ukisubiri bumu, yaani fedha za mkopo. Njia inayofanya kazi zaidi kwenye kemia ni mradi wa msimamizi: yeye ana fedha za utafiti, anahitaji mikono, anakulipia ada na kemikali. Ndiyo maana swali la 12 ni la kifedha pia. Nyingine ni mwajiri, ufadhili wa chuo kwa waliofanya vizuri, na DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, ambayo ina nafasi za kusomea ndani ya Afrika. Mpango wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, ulioanza mwaka 1961, nao umebeba vikundi vingi vya kemia vya kanda hii, vyombo na wanafunzi.

## Hali zisizo za kawaida

25. Nikisoma Kenya, mambo yanabadilikaje?

Kwa kawaida wanataka daraja la pili la juu, au la chini pamoja na miaka miwili ya kazi au utafiti. Programu ni ya miaka miwili, alama ya kufaulu ni asilimia 50 badala ya 40 ya shahada ya kwanza, na kabla ya kukusanya data unahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya sayansi ya Kenya), hata kama ni mwanafunzi. Vyuo vingi vinadai makala moja kwenye jarida linalohakikiwa kabla ya kuhitimu. Iandike wakati data bado ni mbichi, usiisubirishe hadi tasnifu ikamilike.

26. Ujerumani au Marekani?

Ujerumani, uzamili wa kemia ni krediti 120 za mfumo wa Ulaya, miaka miwili, na muhula wa mwisho huwa wa tasnifu ya krediti 30. Vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Viza inadai uonyeshe fedha za kujikimu, nyingi zikiwekwa kwenye akaunti maalumu. Angalia lugha ya kufundishia. Programu nyingine ni za Kijerumani.

Marekani, uzamili wa kawaida ni krediti 30 hivi, lakini idara nyingi za kemia hupendelea kukupokea moja kwa moja kwenye uzamivu ukitokea shahada ya kwanza, na hukulipa kwa kufundisha maabara. Idara nyingi zimeacha kudai GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu. Shahada yetu ya miaka mitatu inaweza kuleta maswali huko, kwa hiyo waandikie waulize kabla ya kulipia maombi.

27. Msimamizi wangu amestaafu, amehamia chuo kingine, au hatuelewani.

Mwenye jukumu kwako ni idara. Akistaafu au kuhama, omba mkuu wa idara ateue msimamizi mwenza mara moja, na yule wa kwanza abaki pembeni akiridhia. Mkiwa hamwelewani, andika kwanza tarehe ulizompelekea kazi na tarehe alizojibu, kisha nenda kwa mratibu wa uzamili ukiwa na karatasi hiyo. Malalamiko yenye tarehe husikilizwa. Fanya hivyo mwezi wa tatu wa ukimya, usisubiri mwaka.

28. Muda wangu wa juu umekwisha na bado naandika.

Omba nyongeza kabla tarehe haijapita, ukiambatisha sura zilizokamilika na ratiba iliyosainiwa na msimamizi. Kamati humwonea huruma mwenye sura tatu mkononi. Ukiwa umeshafutwa usajili, vyuo vingine vinakuruhusu kujisajili upya kwa ada na masharti, lakini kozi zako za zamani zinaweza kuhesabika zimepitwa na wakati.

29. Nikishahitimu, je, nina haki ya kufanya kazi kama mkemia?

Shahada na usajili ni vitu viwili. Bunge lilipitisha sheria ya wanakemia wataalamu mwaka 2016, na anayetaka kuitwa mkemia kitaaluma anatakiwa kusajiliwa chini ya sheria hiyo. Uliza masharti yake ukiwa bado mwaka wa kwanza wa uzamili. Tunza daftari lako la maabara hata baada ya kuhitimu. Usahili wa kazi kwenye maabara ya dawa, maji au viwango hauishii kwenye cheti, wanataka kusikia ni mashine gani uliwahi kuigusa kwa mikono yako na iliposumbua ulifanyaje.